Muulize Kapteni: Retingi ya kufundisha ninayo, kazi ndiyo sina

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana waliomaliza kozi ya uinstrakta na hawajui waanzie wapi, kwa hivyo maswali ya medikali (cheti cha afya cha rubani), na ya wale wanaoniuliza kila toleo kama miwani inakatazwa kwa rubani (haikatazwi jamani, bora ukiivaa unaona inavyotakiwa), yatasubiri. Barua nimezipunguza kidogo manake nyingine zilikuwa ndefu kuliko logibuku za wenyewe.

SWALI: Habari Kapteni. Mimi ni kijana wa miaka 25, nina CPL (leseni ya rubani wa biashara) na IR (retingi ya kuruka kwa vyombo), masaa 240, na kozi ya uinstrakta nimemaliza mwezi wa pili, mtihani wa kuruka nikapita. Tangu hapo nimetuma CV kwa kila shule ninayoijua uwanja wa Wilson, zingine mara mbili, na hakuna aliyenijibu hata kuniambia hapana. Maboi wananiambia bila masaa 500 hakuna mtu atakugusa, sasa hayo 500 nitayatoa wapi kama hakuna anayenipa ndege? Mzee aliuza shamba kwa hii kozi na kila nikienda nyumbani naulizwa naanza lini. Nifanyeje? Masaa Machache, South B.

JIBU: Masaa Machache, pole, hasa kwa hilo swali la nyumbani, hilo linachosha kuliko kutafuta kazi yenyewe. Lakini wacha nikwambie ukweli, unaangalia mahali sipo. Umeshika namba 240 kama ndiyo ugonjwa wako na kila anayekunyamazia unadhani amekataa hiyo namba. Chifu instrakta akiangalia CV yako anajua kabisa una masaa machache, kila anayetoka kozi ana masaa machache, CPL yenyewe hapa inaanzia 200. Anachojiuliza ni kitu kingine: huyu nikimpa mwanafunzi aliyelipa hela zake, huyo mwanafunzi atarudi kesho akimtaka huyu huyu ama atakuja ofisini kwangu kulalamika? Na swali la pili, ambalo hatakuuliza usoni, ni kama utakaa. Shule zimechoka na vijana wanaokuja, wanajaza logibuku, wanapata kazi ya chata (ndege za kukodi) siku ya Jumanne na Jumatano hawaonekani, wamewaachia wengine wanafunzi wao katikati ya sakiti (ile mizunguko ya kuruka na kutua).

Hayo maswali mawili hayajibiwi na imeili. Imeili ya mtu asiyejulikana inaingia pamoja na zingine za watu wasiojulikana, na kwenye shule ndogo anayezisoma ni dada wa mapokezi ambaye pia ndiye anayepanga ndege, anayepokea malipo na anayempigia fundi simu.

Kwa hivyo nenda mwenyewe. Uko South B, Wilson ni pua na mdomo. Nenda asubuhi na mapema kabla ndege hazijaanza kutoka, ama nenda siku ya mawingu ambapo kila mtu amekaa anakunywa chai akingoja yapande, Julai na Agosti asubuhi nyingi Nairobi ziko hivyo, mawingu yamelala chini mpaka saa nne. Siku hiyo chifu instrakta ana muda. Mwamkie, mwambie jina lako, umesoma wapi, nani alikufundisha, mpe karatasi moja tu, halafu sema kitu kimoja unachoweza kumfanyia wiki hii bila ndege. Hapo ndipo wengi wenu mnakosa. Mnakwenda kuomba ndege, na ndege ndicho kitu cha mwisho atakachompa mgeni.

Bila ndege unaweza kufanya nini? Mengi. Kila shule ina wanafunzi waliokwama kwenye mitihani ya KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya), mwingine amepiga masaa yake yote ya PPL (leseni ya rubani binafsi) lakini navigesheni imemshinda, metioroloji imemshinda, anaogopa kurudia tena. Mwambie chifu, nipe chumba Jumamosi asubuhi na wanafunzi watatu waliofeli navigesheni, nitakaa nao. Hata kama hatakulipa hizo Jumamosi za kwanza (za kwanza, nimesema, soma jibu la barua ya tatu huko chini), wale watatu wakipita umeshaajiriwa nusu, kwa sababu wanafunzi wanaongea, wanaongea kuliko redio, na siku mmoja wao atasema mapokezini "mimi nataka kuruka na yule wa Jumamosi". Nimewaona vijana wengi wakiingia kwa mlango huo, na wachache sana wakiingia kwa imeili.

Simuleta pia. Kama shule ina simuleta na una IR ambayo bado iko moto kichwani, jitolee kuwakalisha watu humo wafanye holdi (kuzunguka ukingoja zamu) na aprochi (kukaribia kutua). Instrakta wa zamani wengi hawaipendi hiyo kazi, ni chumba cha joto na hakuna mandhari.

Usiishie Wilson pia. Kuna mafunzo Orly kule Kajiado, kuna Pwani, Malindi na Ukunda, na huko wanaotaka kuhamia ni wachache kwa sababu kila kijana anataka kukaa Nairobi karibu na opareta wakubwa. Ukiwa tayari kuhama, liandike juu kabisa kwenye CV.

Sasa hiyo CV. Naomba uifute ile sentensi ya kwamba tangu utotoni ulikuwa unaangalia ndege angani, sote tuliangalia. Weka masaa yako kwenye jedwali: jumla, ya ukapteni, ya usiku, ya vyombo, ya kila aina ya ndege, na masaa uliyokaa kiti cha kulia, hayo yaonekane peke yake. Weka tarehe medikali yako ya Class 1 inakwisha. Weka tarehe unayoweza kuanza. Weka namba ya mtu aliyekufundisha kufundisha, na umpigie huyo mtu kwanza umwambie anaweza kupigiwa simu, usimshtue. Yote ukurasa mmoja. Na kama mtu amekwambia bima ndiyo inakataa masaa yako, muulize kwa upole bima inataka ngapi, uandike, kwa sababu hilo ni jibu lenye namba na siku ukifika hapo una sababu nzuri ya kurudi.

Ukiitwa intavyu, jiandae kwa ubao. Wengi wanajiandaa kuruka, wanarudia stoli (mabawa yakishindwa kuibeba ndege) na fosi landing (kutua kwa dharura) mpaka usiku, halafu wanafika wanapewa kalamu ya ubao na kuambiwa, "Mimi ni mwanafunzi wa siku ya tatu, nifundishe kwa nini hapa Wilson tunavuta mikscha, ile ya kupunguza petroli, kabla ya kuondoka." Nimekaa upande wa pili wa ubao huo mara nyingi. Kijana anaanza na uwiano wa hewa na petroli, anaandika 15 kwa 1, anachora silinda, dakika kumi zimeisha na mwanafunzi wa siku ya tatu hajui bado mkono wake unaenda wapi. Yule ninayemtaka anaanza hivi: Wilson iko kama futi 5,500 juu ya bahari. Leo mchana ni digrii 27, na kwa urefu huu hewa ya kawaida ingekuwa na digrii kama 4 tu, kwa hivyo hewa ni nyepesi, ndege inajisikia kama iko juu ya futi 8,000. Injini inapata hewa kidogo lakini petroli bado inamiminika kama iko Mombasa, inazama kwenye petroli. Sasa shika hicho kitufe chekundu, throto (ya nguvu za injini) yote ndani, breki zimeshikwa, vuta polepole, sikiliza. Mizunguko inapanda. Endelea. Inapanda kidogo tena, halafu inaanza kushuka na injini inakohoa. Hapo umepita, rudisha ndani kidogo. Basi. Mwanafunzi akiuliza silinda ndio unamchorea silinda.

Umeona tofauti? Wa kwanza anajua zaidi, pengine. Wa pili amemfundisha mtu. Na kama ulisomea Florida ama Durban, hili somo ndilo utaulizwa kwanza, kwa sababu huko karibu na usawa wa bahari mikscha ya kuondokea ni ndani yote na hujawahi kujali, na hapa Cessna 172 yenye nguvu za farasi 160 mchana wa jua inakupa kama 120 na ranwei haijali ulisomea wapi.

Halafu mtaruka. Utakaa kulia, chifu atakaa kushoto ajifanye mwanafunzi mbovu na wengine wetu tunaigiza vizuri sana. Ataivuta pua juu mapema wakati wa kutua, ndege itaelea, kasi inakwisha. Anaangalia vitu viwili. Cha kwanza mikono yako iko wapi: ukiwa umeng'ang'ania yoku (usukani) muda wote basi hufundishi, unarusha ndege kupitia mwanafunzi, na ukiwa umekunja mikono kifuani basi unasubiri ajali. Iweke mapajani, karibu. Cha pili ni lini utasema "nimechukua", na ukisema uchukue kweli, sauti ya kawaida, nguvu ndani, mwache kutua mzunguke tena, na mkishapanda mpaka urefu wa sakiti ndipo uongee. Aliyechelewa kuchukua tunaweza kumfunza. Aliyechukua akaanza kufoka, huyo hapana. Jizoeze kutua ukiwa kulia mpaka uchoke, hasa kwa upepo wa ubavuni, manake dashibodi unaiangalia kwa pembeni, ile sindano ya kasi ukiisoma kutoka kulia inaonekana imekaa pengine, na throto iko mkono ambao hukuuzoea.

Ukipata kazi utakuwa chini ya mtu mwanzoni, usione ni dharau. Ulaya instrakta mpya ana leseni yenye mipaka mpaka afikishe masaa 100 ya kufundisha na awe amesimamia solo 25 za wanafunzi. Afrika Kusini unaanza Gredi III na unasimamiwa na wa Gredi II ama I. Wewe soma mipaka iliyoandikwa kwenye retingi yako mwenyewe, neno kwa neno, kabla hujamwachia mtu ndege aende peke yake.

Na mzee wako mwambie ukweli kwamba kazi ya kwanza ya instrakta haitarudisha shamba, si mwaka huu. Ni afadhali asikie kutoka kwako sasa.

SWALI: Kapteni salaam kutoka Dallas. Nimesomea hapa kwa visa ya F-1, nimemaliza retingi zote mpaka ya instrakta, niko na masaa 310. OPT yangu (kibali cha kufanya kazi baada ya masomo) imeanza na shule niliyosomea imesema haichukui instrakta mpya sasa hivi, na nyingine zote zina foleni. Nirudi Kenya nitafute huko ama nikazane hapa? Huku wanasema ukifika masaa 1,500 umetoka. Mkenya wa Texas.

JIBU: Kazana hapo, lakini kwa haraka, kwa sababu wewe una saa inayokimbia ambayo wenzako Wamarekani hawana. OPT ni miezi 12, na ndani yake huruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 bila kazi, na hizo siku zinajumlishwa, hazianzi upya. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya shule yako leo, si wiki ijayo, uwaulize umetumia ngapi na ni kazi ya namna gani inahesabika. Wenzako walioingia kwa visa ya M-1 wana muda mfupi kuliko huo, wao wanapata mwezi mmoja wa kazi kwa kila miezi minne ya masomo, na haizidi sita. Na usifundishe hata saa moja kwa hela ya mkononi nje ya kibali, hiyo ikijulikana umefunga mlango wa visa kwa sababu ya dola chache.

Kuhusu 1,500, ni kweli ndiyo namba ya ATP (leseni ya rubani wa mashirika ya ndege) huko, na ndiyo sababu uinstrakta Marekani umejaa: kila mtu anayetaka kwenda ndege kubwa anapita hapo kwanza. Hiyo sheria ilitokana na ajali ya ndege ya abiria ya Colgan 3407 karibu na Buffalo Februari 2009, Bunge likapitisha, ikaanza kufanya kazi 2013. Chekesho ni kwamba marubani wote wawili wa ile ndege walikuwa wamezipita 1,500 kwa mbali. Kama digrii yako ni ya urubani kwenye chuo kilichoidhinishwa unaweza kuingia kwa 1,000, kwa digrii ndogo ya miaka miwili 1,250, angalia cheti chako. Lakini kwa miezi 12, hata ukiruka kila siku, kufika huko kutoka 310 ni mlima, kwa hivyo usipange maisha kana kwamba OPT itakufikisha ndege kubwa. Ipangie ikufikishe jumla ya 800 ama 900, halafu hizo ndizo utakuja nazo nyumbani, na mtu mwenye masaa 600 ya kufundisha akiingia Wilson haongei na dada wa mapokezi tena, anaitwa ndani.

Utazipata wapi? Sio Dallas, ndugu yangu. Dallas kila mtu anataka kukaa, na tangu 2024 mashirika madogo ya ndege huko yalipopunguza kuajiri, mainstrakta wamekwama kwenye viti vyao, hawatoki, na nafasi haifunguki. Chukua ramani utafute viwanja vya miji midogo vyenye shule ya ndege tatu ama nne, mahali ambapo msimu wa baridi unatisha na hakuna mtu anataka kuhamia. Piga simu, usiandike. Uliza mwenye shule. Mwambie uko tayari kuhamia wiki hiyo, na umwambie mapema kabisa kuhusu kibali chako na mwisho wake, usimfiche, akigundua baadaye amepoteza imani na wewe umepoteza siku. Kama huna retingi ya kufundisha vyombo, hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza, hela kidogo ukilinganisha na ulizokwisha kutumia, na shule ndogo inapenda mtu mmoja anayeweza kumbeba mwanafunzi mmoja kutoka PPL mpaka IR. Wale wanaotaka kuwa mainstrakta wenyewe hutaweza kuwafundisha mara moja, kwa hivyo hilo usilitangaze.

Na ukiwa unajaza masaa, kumbuka FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) hairuhusu instrakta kufundisha angani zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Kuna shule zitakuwa na majaribu. Rekodi yako ndiyo itakayokufuata, pamoja na wangapi walipita mtihani mara ya kwanza. Weka hiyo orodha vizuri, majina ya wanafunzi yafiche, namba ziwe wazi. Huku wachache wanakuja nayo, na mimi ningeisoma kabla ya jumla ya masaa.

Ukiamua kurudi, leseni ya FAA haikufanyi instrakta wa Kenya siku unayotua JKIA. Utapitia KCAA ibadilishwe, kuna mtihani wa sheria za anga za huku na kuruka na mkaguzi, na karatasi huchukua muda. Anza kuomba uthibitisho wa leseni kutoka FAA ukiwa bado huko.

SWALI: Kapteni, mimi nimepata kazi lakini sijui kama ni kazi. Shule imesema nitafundisha ila mwaka wa kwanza mshahara ni masaa, eti hizo hours ni za thamani kuliko pesa. Pia nilipie ile check yao ya kuingia na sare. Hakuna karatasi nimesaini. Nikubali? Bado Sijajua, Nairobi.

JIBU: Usikubali. Na sitalifanya hili liwe refu.

Kuwasaidia watu Jumamosi mbili tatu ili ujulikane ni kitu kimoja. Kufundisha mwaka mzima wanafunzi wanaolipa bei kamili ya instrakta huku wewe hupati kitu, hiyo hela ya instrakta inakwenda wapi? Inakwenda kwa mwenye shule, na wewe umemwajiri. Masaa hayalipi kodi ya nyumba wala nauli ya kutoka Rongai saa kumi na moja asubuhi. Tena mtu asiyelipwa anakuwa na kazi ya pili usiku, na mtu mwenye kazi ya pili usiku ndiye yule anayesinzia kwenye sakiti ya tano ya asubuhi. Siku kitu kikitokea, ni jina lako limeandikwa kwenye tekniko logi (daftari la ndege).

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu na zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Waombe huo mkataba kwa adabu. Wakikwambia hapa hatufanyi hivyo, umejibiwa. Cheki ya kuingia ni jambo la kawaida na ni nzuri, kila shule lazima ikuone unarukaje, lakini hiyo ni gharama ya anayekutafuta wewe, kama sare.

Pale ambapo kazi ni ya kweli, mambo ya kuuliza ni haya. Unalipwa kwa saa ya kuruka peke yake ama hata brifu na darasa la chini linalipwa? Maana saa moja ya angani ina karibu saa nyingine ya kuongea kabla na baada, na ukilipwa ya angani tu unafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kuna kima cha chini kwa mwezi? Hili uliulize kwa msisitizo kwa sababu ya Machi mpaka Mei, mvua ndefu, ndege zinakaa zimefunikwa wiki nzima, na kwa sababu ya zile asubuhi za Julai nilizosema. Ndege ikiwa karakana wiki tatu, wewe unakula nini? SHA na NSSF zinakatwa? Na je, kuna kifungo cha kukaa muda fulani? Kifungo cha haki si kibaya, shule inayokulipa vizuri ina haki ya kutaka ukae mwaka, na mimi ningesaini.

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi si rubani, ni mama. Binti yangu ameanza kufundisha kuruka pale Wilson na ana masaa ambayo mwenyewe anasema ni machache. Nikikumbuka ile ajali ya Machi 2024 usingizi sipati. Je, ni salama mtu mpya kufundisha wapya? Na hii ni kazi ya kudumu ama anapita tu? Mama Mwenye Wasiwasi, Mombasa.

JIBU: Marahaba Mama, na hongera kwa binti. Kwa wasomaji wasiokumbuka, tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya Nairobi National Park. Dash 8 ilikuwa na watu 44, ilirudi Wilson ikatua salama. Wale wawili wa kwenye Cessna, instrakta na mwanafunzi wake, walifariki. Sitakwambia usiogope, Mama, mimi mwenyewe nilikaa kimya siku hiyo nzima.

Wilson ina chata, ina watalii wa Mara, ina ndege za misaada, na katikati yao wanafunzi wa siku ya tano, wote kwenye anga moja dogo kati ya mbuga na mji. Instrakta mpya kosa lake la kawaida ni kuangalia ndani, anamwangalia mwanafunzi, anaangalia vipimo, anasahau nje. Kwa hivyo ukitaka kumuuliza kitu cha maana, usimuulize kama ndege ni nzima, kila mama anauliza hilo na atakujibu ndiyo. Muulize amelala saa ngapi. Muulize leo ameruka mara ngapi na kama aliwahi kumwambia bosi wake "leo nimechoka, siruki" na bosi alisema nini. Shule ambayo instrakta mpya anaweza kusema hivyo na akabaki na kazi yake, huko mwache. Na muulize kama kuna mkubwa anayekaa naye jioni kupitia masomo ya siku. Mpya anayefundisha chini ya macho ya mkubwa, huyo mara nyingi ndiye mwangalifu kuliko wote, bado anasoma cheklisti yote mstari kwa mstari.

Kudumu? Wengi wanapita, wanakwenda kwenye Cessna Caravan, baadaye ndege kubwa, ATP ya hapa pia ni 1,500, na mikataba ya UN na mashirika ya misaada huwa na viwango vyao vya masaa juu ya hapo. Lakini kuna wanaobaki, wanakuwa machifu, wanakuwa wakaguzi wa mitihani, wanalala kwao kila usiku. Usimsukume aondoke haraka.

SWALI: Kapteni, niko Dar, nina leseni ya TCAA (mamlaka ya anga ya Tanzania) na retingi ya instrakta, masaa 260. Nijaribu Soroti kule Uganda, nijaribu Wilson ama nisubiri NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji)? Kaka wa Temeke.

JIBU: Kaka, kusubiri si mpango. NIT ina kituo chake cha mafunzo ya anga kilichoanzishwa kwa mradi wa Benki ya Dunia, na wewe una leseni ya nyumbani na Kiswahili cha kufundishia, kwa hivyo wewe ni mtu wao. Nenda ofisini kwao, jitambulishe, acha karatasi, rudi baada ya mwezi. Soroti, ile akademia iliyoanzishwa 1971 na jumuiya ya zamani, ni mahali pa heshima na pametulia, ila ni ya serikali, taratibu ni zao na zina mwendo wao. Wilson ina wanafunzi wengi kuliko hapo pote, lakini utahitaji leseni ya KCAA na kibali cha kazi, na mwenye shule atakuuliza kwa nini akufanyie hayo makaratasi na kuna Masaa Machache anakaa South B.

Mimi ningeanza Dar. Tafuta mwenye 172 ama 182 yake binafsi ambaye leseni yake imelala, wapo, umrudishie mkono kwenye ndege yake. Hakikisha kwanza TCAA inaruhusu mafunzo hayo kwenye ndege hiyo na nje ya shule, na bima yake ikutaje kwa jina kabla hujawasha injini.